Mkaja wa Bi Habiba

Mchora hina alimshika Sada mkono, akaulaza juu ya mto, akautazama. Vidole vilikuwa vinatetemeka kama vya mtu aliyetoka mvuani.

"Tulia basi, mwali. Nikichora ua hapa litatoka nyoka."

"Nimetulia, dada."

"Umetulia kwa wapi? Haya, bana mkono kwenye goti langu."

Wanawake wakacheka. Chumba kilikuwa kidogo, cha uani, dirisha lake limezibwa kwa kanga tangu Mfungo Mosi, Sada alipowekwa ndani kungoja harusi yake. Aliyecheka kuliko wote ni Bi Kholood, shangazi yake Zayed, bwana harusi, aliyetoka Bagamoyo mjini asubuhi ile kuja Kerege kumtazama mwali wao. Yeye alikuwa amepewa kiti. Wengine wote walikuwa mkekani.

"Mwacheni mtoto wa watu," alisema. "Anamuwaza mume. Mimi nilitetemeka hivi hivi mpaka nikamwagia mkwe chai mapajani."

"Na hawakukurudisha kwenu?"

"Wanirudishe nani, na uzuri wote ule niliokuwa nao!"

Vicheko vikapasuka tena. Sada naye alicheka, ila kicheko kilimkata pumzi, akawa anavuta hewa kwa mdomo. Liwa, ile sandali ya kusagwa aliyopakwa alfajiri, ilikuwa imeyeyuka, inamshuka shingoni michirizi michirizi. Somo wake, Mwanvita, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache, aliyekwisha kuwaweka ndani mabinti wengi wa Kerege na Mapinga, alimfuta kwa upindo wa kanga yake. Alifuta, jasho likaja tena. Akafuta, likaja tena.

"Joto tu hilo," alisema Bi Habiba, mama yake Sada, aliyesimama mlangoni na sinia la visheti. "Hiki chumba kina joto."

"Mimi mbona sitoki jasho?" Mwanvita aliuliza. Lakini Bi Kholood alikuwa amekwisha kuinuka na gauni mkononi.

Gauni lilikuwa la kukodi, jeupe, lenye shanga kifuani. Mwezi wa Rajabu lilipoletwa mara ya kwanza, zipu ilikwama katikati ya mgongo wa Sada. Bi Kholood aliivuta kwa mikono miwili, akaachia, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Lo! Hapa hata tukiita fundi wa kuchomelea!" Na mabinti aliokuja nao wakaanguka wao kwa wao kwa kucheka. Sada mwenyewe hakulia siku ile. Alikuwa bonge tangu utotoni, na kwenye kibanda chake cha kutoa na kuweka pesa za simu pale barabarani wateja walimwita hivyo hivyo, "Bonge, nitolee elfu kumi," naye akawatolea. Aliyelia ni mama yake, jikoni, juu ya unga wa vitumbua.

Sasa zipu ilipanda mpaka juu bila kusukumwa, na nafasi ikabaki.

"Mashallah, mashallah!" Bi Kholood alimzungusha Sada kama anayekagua kitambaa dukani. "Bi Habiba, mmemfanya nini huyu? Sasa ndiyo mwanamke wa kwetu!"

Bi Habiba akatabasamu, macho yakamjaa machozi ya furaha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Bi Kholood kumwita Bi.

*

Desturi ni kwamba mwali akishaingia ndani hali ila kwa mkono wa somo wake. Hata maji ya kunywa, somo ndiye anayechota. Mama mzazi hukaa mbali, akapika, akasaga, akakabidhi mlangoni. Watu wa zamani walikuwa na sababu zao: wivu ni mwingi wakati wa harusi, na mwali ni amana ya mtu mmoja, ili likitokea la kutokea aulizwe mmoja.

Bi Habiba aliijua desturi hiyo, ndiyo maana alipita ubavuni mwake. Alisaga uwatu, akautia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, akamkabidhi Mwanvita. "Mtilie kijiko kwenye uji wake asubuhi na jioni. Utamsafisha mwili." Mwanvita alinusa, akasikia uwatu, akaonja, akasikia uchungu wa uwatu. Hakuwa na la kuuliza.

Ndani ya uwatu ule mlikuwa na vidonge. Bi Habiba alivijua kutoka kwa jirani mmoja aliyepasuliwa tezi la shingo, akaambiwa na madaktari ameze dawa kila siku ya maisha yake. Jirani yule alipozidisha siku moja kwa kusahau, moyo ulimwenda mbio, na alipoendelea kukosea hivyo alikonda mpaka watu wakamsema. Yeye aliyasimulia hayo kama msiba. Bi Habiba aliyasikiliza kama mtu anayeelekezwa njia.

Akaenda kwenye duka moja la dawa lisilo na kibao, huko njia ya kuelekea mjini Dar. Muuzaji hakumwomba cheti. Alimuuliza tu, "Vya kupungua au vya ugonjwa?" Akasema vya kupungua. Muuzaji akamfungia, akasema, "Usimpe mwenye presha."

Alivisaga nyuma ya jiko, kwenye kinu kidogo cha iliki, wakati mumewe Yunus akiwa barabarani anafyatua matofali. Hakupima. Alitia kama mtu anavyotia chumvi, akionja kwa macho. Kila Sada alipopungua, alijiambia atapunguza na dawa; na kila alipotaka kupunguza, aliliona lile gauni likikwama mgongoni, akatia tena.

Hakuwa mama mbaya. Ukimuuliza mtu yeyote Kerege angekwambia Habiba amemlea mwanawe kwa moshi wa vitumbua, hana deni na mtu. Lakini mwanawe alikuwa anaingia kwenye nyumba ya watu wenye maduka mawili Bagamoyo, watu wa asili ya Oman wanaokula kwa zamu na kusema kwa mafumbo, na yeye aliona aibu kumpeleka vile alivyokuwa.

*

Aliyeanza kuhesabu ni Mwanvita.

Alikuwa anamchana Sada nywele, zikaja na kitana, kishungi kizima. Akazikunja haraka kiganjani asizione mwenyewe. Chakula, Sada alikuwa anakula kuliko mchimba kisima, na nusu saa baadaye yuko chooni. Usingizi hakuna. Ukimwekea mkono mgongoni unasikia moyo unagonga kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Na lingine.

"Sada, tangu uingie humu hujaniomba vitambaa."

Sada akafikiri. "Kweli, somo. Sijaona siku zangu."

"Mwezi wa pili huu." Mwanvita aliweka kitana chini. "Mimi ni somo wako. Baina yetu hata pazia halipo. Kuna mtu?"

"Mtu gani?"

"Mwanamume, mwanangu. Zayed mwenyewe, au mwingine. Niambie mimi, nijue nasimamaje."

Sada alimtazama, mdomo wazi. Halafu machozi yakamtoka bila sauti, kama jasho lile lile. "Somo, mimi? Na wewe ndiye uliyenitazama ukaniambia niko salama?"

"Basi. Nimeuliza, umejibu. Nakuamini." Na alimwamini kweli. Akatoka, akamfuata Bi Habiba jikoni.

"Habiba, mwanao haoni siku zake. Na moyo wake siupendi. Apelekwe hospitali."

Bi Habiba alikuwa anageuza vitumbua. Kimoja kilimponyoka, kikaungua, hakukigusa. "Hamu ya harusi hiyo. Hata mimi zilikatika."

"Hamu hainyonyoi nywele."

"Mwali atolewe nje kabla ya siku yake? Watu watasema nini, Mwanvita?"

"Watasema zaidi akianguka."

Bi Habiba alikuwa na neno moja tu la kusema, na lingemaliza kila kitu pale pale, mbele ya mafuta yanayochemka. Alilimeza. "Tuvumilie. Si wiki mbili tu?"

Lakini mchora hina alikuwa na masikio makali kuliko kalamu yake, na alikuwa amekaa uani akikanda hina. Alipokwenda kupaka maharusi wengine Bagamoyo, alikwenda na habari. Mwali wa Kerege anatapika. Mwali wa Kerege haoni siku zake.

Bi Kholood hakuchelewa. Alikuja na wifi yake, hakukaa kitini, hakunywa maji. Alitoa kwenye mkoba kipimo cha mimba, akakishika kwa ncha za vidole.

"Mimi sina ugomvi," alisema. "Mtu msafi haogopi sabuni. Akojoe tuone."

"Mwali wangu ni msafi," alisema Mwanvita. "Nilikwambia tangu siku ya kwanza, na neno langu Kerege hii halijarudishwa."

"Neno lako lihifadhi, somo. Mie nataka mkojo. Na atakojoa mbele yangu, nisije nikaletewa wa mtoto wa jirani."

Sada alikuwa amesimama katikati ya chumba, kanga mbili, mabega yaliyokuwa ya mviringo sasa yametoka mifupa. Hakumtazama Bi Kholood. Alimtazama mama yake.

"Mama."

Bi Habiba aliangalia chini, kwenye vidole vyake vya miguu. "Fanya tu, mwanangu," alisema. "Yaishe."

Wakaenda naye chooni uani. Mlango haukufungwa. Bi Kholood alisimama mbele, wifi yake nyuma, na Sada akachuchumaa katikati yao na kikopo cha plastiki, mkono unatetemeka hata mkojo ukamwagikia miguuni. Upande wa pili wa ukuta wa makuti, watoto wa jirani walikuwa wanacheza, wakanyamaza kusikiliza.

Mstari ulitoka mmoja.

"Mmoja," alisema Mwanvita, akamwonyesha kila mtu. "Mmoja! Hana kitu. Mnasemaje?"

Bi Kholood akakichukua, akakigeuza juani. "Mmoja leo," alisema pole pole. "Hivi vya madukani vinadanganya. Au ilikuwamo, ikatolewa. Masomo wengine wanajua mizizi."

Mwanvita alifungua mdomo kujibu. Nyuma yake akasikia kishindo. Sada alikuwa ameanguka mlangoni mwa choo, nusu ndani nusu nje, na shingoni mwake mshipa ulikuwa unarukaruka kama kitu kinachotaka kutoka.

*

Yunus aliacha matofali, akaita bajaji. Kwenye kituo cha afya walipokewa na daktari wa kike, kijana, mwenye kilemba cha kijani. Alimfunga Sada mkanda mkononi, akaweka kidole shingoni, akatazama saa, kisha akaitazama tena kana kwamba saa ndiyo mbovu.

"Dada, moyo wako unakwenda kama umekimbizwa kutoka Mapinga na mbwa. Una historia ya moyo?"

"Hapana, daktari."

"Unatumia dawa yoyote?"

"Hatumii," alidakia Bi Habiba. "Hajawahi. Ni mwali, yuko ndani."

"Namuuliza mgonjwa, mama."

Sada akatikisa kichwa. Hakuwa anadanganya. Hakuna mtu aliyewahi kumpa kitu akakiita dawa.

"Anakula nini huko ndani? Nani anampa?"

"Mimi," alisema Mwanvita, akasogea mbele. Alitaja kimoja kimoja, kama shahidi. Uji wa mtama. Maziwa. Tende. Samaki wa kuchoma. Asali. Maji ya mlangilangi ni ya kuoga, si ya kunywa. "Na uwatu, kijiko asubuhi, kijiko jioni."

"Uwatu wa dukani?"

"Wa mama yake. Ameusaga mwenyewe."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ningependa kuuona."

"Umekwisha," alisema Bi Habiba.

Mwanvita akageuka mzima mzima. "Umekwisha lini, Habiba? Asubuhi nimechota. Mkebe uko nusu."

Hapo kila mtu akasikia pumzi ya Sada peke yake. Daktari alivuta kiti, akakaa mbele ya Bi Habiba wakawa macho kwa macho.

"Mama, mimi si polisi. Lakini moyo huu ukiendelea hivi unaweza kugoma. Nikijua alichopewa, najua pa kuanzia. Nisipojua, nitakisia, na wakati mimi nakisia yeye anaondoka."

Bi Habiba alishika kona ya kanga yake, akaikunja, akaikunjua. "Ni vidonge," alisema.

"Vya nini?"

"Vya tezi la shingo. Vinakondesha."

"Vingapi kwa siku?"

"Sijui. Nilikuwa nakadiria."

"Unakadiria!" Mwanvita alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyeona nyoka. "Kwa mkono wangu! Nimekuwa namlisha mtoto kwa mkono wangu mwenyewe, wewe unakadiria!"

Daktari alikuwa amekwisha kusimama, anamwita muuguzi, anaagiza damu ichukuliwe na sindano iletwe. Huku akifanya kazi alimweleza Sada kwa lugha nyepesi: mwili una homoni zake, zinazouambia uende mwendo gani, hivi vidonge ni homoni zile zile, na mtu asiyeumwa tezi akiongezewa, mwili wote hukimbia bila kituo. Ndiyo maana ya kutetemeka, nywele, choo, kukosa siku zake. Si mimba. Si hamu ya harusi.

Sada alisikiliza yote. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, maana yeye ndiye aliyekuwa akiijua kila shilingi ya nyumba ile.

"Mama, hela ulitoa wapi?"

Bi Habiba akajifuta uso kwa kanga.

"Vitumbua havinunui dawa za miezi miwili. Baba hana. Kibanda changu kimefungwa. Ulitoa wapi?"

"Mkaja," alisema mama yake, kwa sauti ya kuvunjika.

Katika mahari kuna fungu la mama, na jina lake ni mkaja. Ni jina la kile kitambaa ambacho mzazi hujifunga tumboni akishajifungua, tumbo lirudi. Mwanamume anayeoa humlipa mama kwa tumbo lile. Halihesabiwi na baba, halichukuliwi na mjomba. Ni la mama peke yake, afanye apendavyo.

"Ni haki yangu, sikuiba," Bi Habiba alisema, sasa analia. "Wenzangu hununua kitanda, hununua vitenge. Mimi sikujinunulia hata leso. Nimekununulia tumbo zuri wewe, Sada, usichekwe."

"Umelipwa kwa kunizaa," Sada alisema, akakosa pumzi ya kumalizia. Muuguzi alikuwa anamfunga mkono kutafuta mshipa. Alingoja mpaka sindano ikaingia. "Ulijua, mama. Pale chooni ulijua. Ukaniacha nichuchumae."

*

Walimlaza siku kadhaa. Aliporudi nyumbani alikuwa na vidonge vya kutuliza moyo na agizo la kupumzika. Dawa ile, daktari alisema, haitoki mwilini kwa siku moja, itachukua wiki nyingi. Harusi isogezwe mbele.

Jioni ile Yunus aliingia chumbani, akakaa kizingitini, mikono imekauka saruji. Hakuwa mtu wa kusema na binti yake mambo ya ndani.

"Mama yako amekosa," alisema. "Nimemwambia. Lakini mama ni mama, Sada. Haanikwi. Tutawaambia ni malaria ilipanda kichwani."

"Na ile mimba, baba?"

Yunus akakwaruza saruji kwa ukucha. "Maneno hupita."

"Yanapita kwa nani?"

Akaaga, akaenda zake msikitini.

Siku ya pili yake, saa za adhuhuri, Bi Kholood alikuja na wanawake wawili wa ukoo. Safari hii alikaa. Sada alikuwa kitandani, Mwanvita miguuni pake anamkanda nyayo, Bi Habiba karibu na mlango.

"Nimekuja kwa wema," Bi Kholood alianza. "Mgonjwa tumemwona, Mungu amponye. Lakini sisi si watoto. Mwali anakonda, anatapika, hana siku zake, halafu anaanguka, analazwa, anarudi hana kitu. Hapo mimi naona mizizi. Na mizizi haitembei yenyewe, ina mkono." Akamwelekezea Mwanvita kidole. "Mkono ni huu. Amemwingiza vitu mtoto wa watu, amtoe mimba aokoe jina lake. Nataka aitwe kwa mjumbe, na mahari yetu irudi."

Mwanvita hakuacha kukanda. Midomo yake tu ilikuwa imekuwa myeupe. Kazi yake yote ilikuwa jina. Hakuna mama wa Kerege wala Mapinga ambaye angempa binti baada ya neno lile. Na angeweza kujitetea kwa sentensi moja, lakini siri ya mwali haitoki kinywani mwa somo. Akamtazama Sada, akatazama chini.

Sada alimgeukia mama yake, akamngoja. Alimngoja kwa upole, kama unavyomngoja mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Kama Bi Habiba angesema nusu neno, hata kwa kunong'ona, pengine nyumba ile ingeendelea kuwa nyumba.

Bi Habiba akajikohoza. "Hata sisi tunashangaa," alisema. "Huyu somo tulimwamini sana."

Mikono ya Mwanvita ikasimama.

Sada akajiinua, akakaa. Ilimchukua muda, na wote wakangoja.

"Bi Kholood," alisema, "shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," alijibu yule mama kwa mazoea, kisha akashangaa.

"Somo wangu hajanipa mizizi. Sijawahi kuwa na mimba, na kama huniamini, nenda kamuulize daktari mwenyewe. Mama yangu alinitilia vidonge vya tezi kwenye uwatu nikonde, niingie kwenye gauni lenu. Hakuniambia. Hakumwambia somo. Mliponichuchumaza, alikuwapo, anajua. Na sasa hivi mmemsikia."

"Sada!" Bi Habiba aliruka. "Unaniua!"

"Ninyi nanyi," Sada aliendelea, pumzi zikimpungua, "mlicheka. Sikuwaomba mcheke. Mahari, wazungumze wanaume. Zayed akitaka kujua, aje aniulize mwenyewe, mimi nina mdomo."

Wale wanawake wawili wa ukoo walikuwa wanatazama mkeka. Bi Kholood alirekebisha buibui lake. "Subhanallah," alisema mwisho. "Mama mzazi." Akainuka, na alipopita mbele ya Mwanvita alitaka kusema jambo, lisimjie, akapita.

Walipoondoka, Sada alishuka kitandani. Akachukua dawa zake na kanga moja.

"Somo, nyumbani kwako kuna nafasi?"

"Kuna mkeka," alisema Mwanvita.

"Unatosha."

Mwali hutoka ndani siku moja tu, amefunikwa gubigubi, kwenda kwa mumewe. Sada alitoka mchana kweupe, uso wazi, mikono bado ina hina iliyopindapinda. Waliokuwa barazani waligeuza shingo. Fundi cherehani aliinua mguu kwenye kanyagio. Nyumba ya Mwanvita haikuwa mbali, lakini moyo ulikuwa haujakubali mwendo, na kabla ya kufika barabara kubwa Sada alisimama, akajishika kiunoni, akavuta pumzi, kichwa chini. Mwanvita alisimama pembeni yake, akamngoja.

Bi Habiba aliwafikia akikimbia, miguu mitupu, kanga mpya imekunjuliwa mikononi.

"Jifunike, mwanangu. Mwali haonwi. Jifunike basi, watu wanatazama, njoo nikushike turudi."

Akanyoosha mkono.

"Usinishike, mama," Sada alisema, bila hasira, akirudi nyuma hatua moja. "Mkono wako nauogopa."

Alipata pumzi, akaenda zake pole pole na somo wake. Bi Habiba alibaki kando ya barabara, mkono umenyooka mbele yake hauna pa kwenda. Akaurudisha, akaushika kwa mkono wa pili, akauangalia, kana kwamba ulikuwa wa mtu mwingine.